Nusu Kichwa cha Mheshimiwa Tumbwe

Nchi yenyewe siitaji. Nina watoto, na nina karai jipya la kukaangia mihogo ambalo sijalizoea bado. Ukisoma ukahisi unaijua, hayo ni yako, usije ukanitia mimi mdomoni kwa watu. Mimi ni muuza mihogo. Siasa siijui, ninachojua ni mafuta yakishika moto na mafuta yakipoa.

Basi katika nchi hiyo kulikuwa na wizara iliyoitwa Wizara ya Kukuza Biashara Ndogondogo na Kuziondoa. Jina refu, lakini kazi yake nyepesi kuielewa. Ghorofa ya juu walikaa watu wa Kukuza, ghorofa ya chini walikaa watu wa Kuondoa, na kwa kuwa ngazi ya ndani ilikuwa imebomoka na fedha za kuitengeneza zilikuwa zikitafakariwa, watu hawa hawakuwa wakionana. Waziri wao aliitwa Mheshimiwa Dakta Tumbwe. Alikuwa mtu wa shingo nene, sauti ya redio, na nywele nyingi nyeusi tii ambazo alizipenda kuliko ndugu zake. Akipita mbele ya kioo cha gari la mtu, lazima asimame.

Sisi tulikuwa na soko letu, Mtakuja. Halikuwa soko la kupigiwa picha. Lilikuwa na matope wakati wa mvua na vumbi wakati wa jua, na kila kitu alichohitaji mwanadamu kati ya kuzaliwa na kuzikwa kilipatikana humo, tena kwa mtu anayekujua mpaka jina la bibi yako. Ukikosa leo, unachukua, unaleta kesho. Ukinunua fungu la nyanya, unaongezwa moja. Hivyo ndivyo tulivyokuwa.

Asubuhi moja wakaja watu wa Kuondoa na mtambo wao wa kubomolea. Pale petu pametakiwa, wakasema, panajengwa Duka Kuu la Neema, la mwekezaji kutoka mbali, ambamo nyanya zitalala kwenye baridi zimefungwa nailoni. Kiongozi wa mgambo, Sajenti Mkwaju, alilipiga teke karai langu likiwa na mafuta na mihogo ndani. Mheshimiwa Tumbwe alikuwa amesimama pembeni, kitambaa puani, akiwaeleza waandishi wa habari kwamba biashara ndogondogo lazima ziondolewe ili zipate nafasi ya kukua. Waandishi wakaandika. Mimi nikabaki natazama mafuta yangu yakinywewa na mchanga, na nilimchukia mtu yule. Sisemi uongo, mpaka leo namchukia, na nikifa naomba nisizikwe upande atakaozikwa yeye.

Kilisalia kibanda kimoja tu, cha Siwema kinyozi, pale pembeni kabisa. Kilisalia kwa sababu mtambo uliishiwa mafuta. Wakasema watarudi. Duka Kuu likajengwa, kibanda kikabaki nyuma yake.

*

Siwema alikirithi kibanda kile kwa baba yake, Fundi Mbaruku, aliyenyoa vichwa vya mji huu mpaka mikono ikatetemeka. Watu walisema mwanamke hawezi kunyoa wanaume. Siwema akawanyoa, wakanyamaza. Hakuwa na kiwanja, hakuwa na mume, alikuwa na mama mgonjwa wa kulala chali na kibanda kile. Kikienda kibanda, huyu mama hali. Nataka uelewe hivyo tangu sasa, kwa sababu yanayokuja yanachekesha, na ukicheka sana unaweza kusahau kilichokuwa kinachezewa.

Kiongozi wa nchi ile aliitwa Baba Mlezi. Mwaka ule alisafiri kwenda ughaibuni, kama kawaida yake kila alipochoka kutulea. Huko akapelekwa kwenye kijiduka cha mikate, akamwona mkuu wa nchi ile anapanga foleni, ananunua mkate kwa jirani yake, anaubeba mwenyewe kwapani. Inasemekana Baba Mlezi alilia machozi. Aliporudi, kabla hajavua viatu, alitangaza kampeni ya taifa: Nunua kwa Jirani. Wakubwa wote waache maduka makuu, wanunue kwa wafanyabiashara wadogo, watengenezewe, washonewe, wanyolewe nao. Na kila waziri aonekane kwenye televisheni akihudumiwa, ili wananchi waige. Atakayejihudumia mwenyewe nyumbani, akasema, amemnyima jirani riziki, na huo ni uhujumu uchumi.

Mheshimiwa Tumbwe alizindua kampeni hiyo ndani ya Duka Kuu la Neema, maana mahali pengine penye paa hapakuwapo. Fulana na kofia za uzinduzi zilikuja kwa meli, na meli ikachelewa, kwa hiyo tukangoja. Kisha akasimama.

"Ndugu wananchi," alisema, "mfanyabiashara mdogo ni uti wa mgongo wa taifa. Nani asiyejua kwamba mimi binafsi nimewashughulikia wafanyabiashara wadogo kuliko waziri yeyote kabla yangu?"

Halafu watu wakapiga makofi, maana ni kweli alitushughulikia.

*

Taabu ilianza alipotaka jirani wa kupiga naye picha. Vijana wa ghorofa ya juu walitumwa mjini wamtafute mfanyabiashara mdogo mmoja, msafi, mwenye tabasamu. Wakazunguka, wakarudi mikono mitupu, wakaripoti kwamba wafanyabiashara wadogo hawaonekani. Inasemekana Mheshimiwa alishangaa kwa dhati kabisa, akauliza wamekwenda wapi watu hawa wakati serikali inawahitaji. Mwishowe dereva wake, akiangalia mbele, akasema kwamba pale nyuma ya Duka Kuu kuna mama mmoja ananyoa.

Ndipo watu wa Kukuza wakamshukia Siwema. Wakakipaka kibanda chake rangi za bendera, wakakizungushia kamba ya manjano kisiguswe na wateja, wakampa cheo cha Jirani wa Taifa. Mheshimiwa atakuja kunyolewa siku ya Alhamisi, mbele ya kamera, moja kwa moja hewani.

Na Alhamisi hiyo hiyo, ghorofa ya chini, watu wa Kuondoa walikuwa wamepata mafuta ya mtambo.

Siwema aliambiwa na Sajenti Mkwaju mwenyewe, akipita: atoe vyombo vyake, Alhamisi wanamaliza kazi. Akaenda ghorofa ya juu kueleza. Wakamcheka, wakasema Jirani wa Taifa havunjiwi. Akaenda ghorofa ya chini. Wakasema Jirani wa Taifa hawamjui, wanachokijua ni banda linaloziba gari za wateja wa Duka Kuu. Akaomba wapandishe ujumbe juu, wakamwonyesha ngazi.

Jioni akaja kwangu, nilipokuwa nakaangia kwa kujificha uchochoroni, kwenye kikaango cha kuazima. Nilimpa mhogo, akaushika tu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwalaani wote, juu na chini, na mama zao. Yeye akaniuliza ile sheria yao ya kukoma inasemaje hasa.

Nikamwambia ninavyoijua, na nani asiyeijua. Ilikuwa sheria ya Mheshimiwa Tumbwe, aliitunga kwa mkono wake na akaisifu bungeni. Mgambo akipiga filimbi, anayefanya kazi aweke chini alichoshika pale pale alipofikia. Akiongeza hata kidogo, jela. Muuza samaki mmoja alifungwa kwa kuwa filimbi ilimkuta amepara samaki nusu, akampara yote. Alijitetea kwamba samaki hawezi kuuzwa nusu na magamba, hakimu akamwambia samaki si shahidi.

Siwema akatafuna mhogo wake taratibu. Akasema pilipili imezidi. Sikumwelewa, na nikamwona ana roho ngumu ya kuonja chakula siku kama ile.

*

Alhamisi Mheshimiwa alichelewa, kama inavyompasa mheshimiwa. Alikuja na msafara, na kamera, na mwakilishi wa Baba Mlezi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki. Watu tulijaa nyuma ya kamba. Mheshimiwa akaketi kwenye kiti cha Fundi Mbaruku, akamwambia Siwema ampunguzie kidogo tu pembeni, kisha akageukia kamera na kuanza kuhutubia. Wapiga picha walikuwa wamekigeuza kioo ukutani kwa sababu kilikuwa kinawamulika, kwa hiyo hakuwa akijiona.

Kinyozi yeyote huzunguka kichwa: huku kidogo, kule kidogo, ili visipishane. Nimemwona Siwema akinyoa tangu tukiwa wasichana, na hivyo ndivyo alivyofundishwa. Siku ile alianzia upande mmoja, wa kulia. Akakata kwa mkasi, akapaka povu, akashika wembe, akaunyoa wote mpaka ukang'aa. Upande wa kushoto hakuugusa. Mstari wa mpaka ulipita katikati ya paji la uso ukashuka hadi kisogoni, umenyooka. Waandishi waliona. Kila mmoja akadhani mwenzake anajua maana yake. Mwakilishi wa Baba Mlezi aliona pia, akatikisa kichwa kwa heshima. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa kwenye sehemu ya hotuba inayosema kwamba serikali na mfanyabiashara mdogo ni kitu kimoja, hawawezi kutenganishwa na yeyote.

Filimbi ikalia. Tangu nchi ile ipate uhuru, watu wa Kuondoa hawajapata kuchelewa.

Mtambo ulikuwa umeshafika kwenye kamba, Sajenti Mkwaju mbele yake. Siwema aliuweka wembe juu ya kimeza, akarudi nyuma, akakunja mikono.

"Mheshimiwa," alisema, kwa sauti ambayo hata sisi wa nyuma tuliisikia, "niendelee, au nitii sheria?"

Kamera zote zilikuwa usoni pake. Mwakilishi wa Baba Mlezi akajisogeza mbele kwenye kiti. Mheshimiwa, ambaye hakujua bado kichwa chake kiko katika hali gani, alitabasamu.

"Tii sheria, dada yangu. Sheria haina mkubwa."

Ndipo akajipapasa. Mkono ulikwenda kushoto, ukakuta nywele. Ukaja kulia, ukateleza. Sijapata kuona mkono wa mtu mzima ukirudi mara nyingi vile mahali pamoja. Akamwita Sajenti, akamwamuru asimamishe. Sajenti akapiga saluti, akasema kwamba sheria ya Mheshimiwa Waziri haimwachi mtu, hata Waziri, amesema hivyo yeye mwenyewe sasa hivi hewani. Walinzi wakamtoa Mheshimiwa kitini mbio. Mtambo ukaingia. Kibanda kile, na rangi zake za bendera, na kiti cha Fundi Mbaruku, vililala chini kabla vumbi halijapanda.

Siwema alitoka na wembe wake na kitambaa. Mimi nililia kwa ajili ya kibanda, halafu nikamwona Mheshimiwa anasukumwa kwenye gari, kulia jangwa, kushoto msitu, na Mungu anisamehe, nilicheka na machozi yangu bado mashavuni. Yeye Siwema hakucheka wala hakulia. Alikwenda nyumbani kumgeuza mama yake ubavu.

*

Alasiri ile ile Mheshimiwa akakimbilia saluni ya Duka Kuu la Neema. Sasa, vinyozi wa mle walikuwa vijana wa Mtakuja waliokosa pa kwenda, wote walifundwa na Fundi Mbaruku, na vinyozi wetu wana mwiko mmoja mkubwa: kichwa alichokianza mwenzio hukimalizii. Ni kichwa chake mpaka akimalize. Anayeukiuka, wembe utamrudi. Kila mmoja akamwinamia Mheshimiwa kwa adabu, akamwomba radhi, akamwelekeza kwa Siwema.

Akaenda nyumbani, akajifungia, akashika wembe ajinyoe mwenyewe. Mkewe ndiye aliyemkumbusha kupitia tundu la ufunguo kwamba anayejihudumia nyumbani ni mhujumu uchumi. Akauweka wembe chini.

Msemaji wa wizara akaona bosi wake anazama. Jioni akatokea kwenye televisheni, akatangaza kwamba nusu kichwa ile si ajali, bali ni mtindo rasmi wa kampeni, uitwao Nusu kwa Nusu. Nusu yenye nywele ni wakubwa, nusu isiyo na nywele ni sisi. Pamoja, kichwa kimoja. Baba Mlezi alikuwa akitazama. Akapenda mno. Akaagiza mawaziri, makatibu wakuu, wakurugenzi na majaji wote wanyolewe vile, na Jirani wa Taifa yule yule, mpaka atakapotoa amri nyingine.

Siwema aliitwa kwenye ukumbi wa wizara. Akainyoa serikali nzima, mmoja baada ya mwingine, kulia tu. Alipomaliza aliuliza habari ya kibanda chake. Wakamjibu kwamba suala lake liko kwenye ngazi.

*

Hapa ndipo Mtakuja ilipoamka.

Zamani hatukuwa tukijua nani ni nani. Mtu anakuja kununua kwako na miwani ya jua, kumbe ndiye aliyetia saini uvunjiwe. Sasa kila aliyetuvunjia alikuwa na alama, ikionekana kutoka ng'ambo ya barabara. Na amri ya Baba Mlezi iliwalazimisha waje kwetu, hata tulivyotawanyika vichochoroni. Duka Kuu walikuwa wamekatazwa.

Aliyeanza ni Ngwali, fundi viatu, mzee mpole asiyepata kugombana na mtu. Mkurugenzi wa Kuondoa alimletea jozi ya viatu. Ngwali akashona kimoja, akang'arisha, akamrudishia vyote viwili. Mkurugenzi akauliza cha pili vipi. Ngwali akamwonyesha bango la serikali ukutani, akasoma kwa upole: Nusu kwa Nusu. Mkurugenzi alifungua mdomo. Halafu akatazama huku na huku, asije akasikika akilipinga bango, akalipa, akaondoka akichechemea.

Habari ikasambaa kabla ya adhuhuri. Ukimwaga ugali, namwaga mboga. Fundi cherehani akamshonea Jaji Mkuu suruali ya mguu mmoja mrefu, na wa pili akamwachia kitambaa kikining'inia na pini zake. Dobi akafua mashati ya Katibu Mkuu upande wa mbele. Mama ntilie akawapakulia wali, mchuzi akausifia tu. Bodaboda walimbeba Waziri wa Fedha mpaka katikati ya daraja, wakamshusha pale kwa heshima, wakamvulia kofia. Bei ilikuwa nzima, maana bango halikutaja bei. Mimi mihogo yao niliikaanga upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa mbichi, wenye utomvu, na niliwatazama mpaka wameze. Kama kuna raha inayozidi hiyo duniani, sijaionja.

Wote tulikuwa wacheshi. Siwema peke yake hakuwa na raha. Alinyoa watoto barazani kwa watu, maana kunyoa juani Tumbwe alikupiga marufuku, akifukuzwa huku akihamia kule, na mama yake alikuwa amekonda. Niliwahi kumwambia tumeshawakomoa, afurahi basi. Akaniambia mtu anayechechemea bado ana nyumba ya kuchechemea kwenda. Na ilikuwa kweli.

*

Baba Mlezi akachoka. Huchoka ghafla, hivyo ndivyo alivyo. Kesho yake ilikuwa gwaride la Siku ya Taifa, wageni wa nje wameshafika, na mgeni mmoja alimwuliza kwa faragha kama serikali yake inaumwa ugonjwa wa kuambukiza. Asubuhi akatangaza kwamba kampeni imefanikiwa kupita kiasi na imekwisha. Kila kiongozi aje gwaridani na kichwa kizima. Atakayeonekana na nusu kichwa atahesabiwa kuwa anaendeleza siasa zake binafsi.

Serikali ikakimbilia saluni ya Duka Kuu. Vinyozi wakainama: vichwa hivi ni vya Siwema. Amri ya kutojinyoa nyumbani hakuna aliyekumbuka kuifuta, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza. Wakatuma gari limlete Siwema ukumbini. Siwema akamwambia dereva kwamba kinyozi hakifuati kichwa, kichwa ndicho kinachomfuata kinyozi. Alishakwenda mara moja kwa adabu, inatosha.

Basi wakaja wenyewe. Nakwambia nilihamisha kikaango nikakaa mbele. Msafara ulijaa barabara nzima, wakashuka, nusu vichwa tupu, wakasimama kwenye kifusi nyuma ya Duka Kuu, pale kilipokuwa kibanda. Siwema alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitambaa begani, wembe mkononi. Mheshimiwa Tumbwe akajitokeza mbele, akasema afanye haraka.

"Nitawanyolea wapi?" Siwema aliuliza. "Kinyozi hanyoi juani, sheria yako hiyo. Kibanda nilikuwa nacho."

Wakatazamana. Sajenti Mkwaju alitumwa kutafuta mafundi, akarudi akasema mafundi wote wanafanya kazi nusu. Basi wakavua makoti. Nimewaona kwa macho yangu haya: Waziri wa Fedha anachimba shimo la nguzo kwa sururu, Jaji Mkuu amebeba bati kichwani upande ule wenye nywele, Mkurugenzi wa Kuondoa anapigilia misumari na kujigonga kidole. Mheshimiwa Tumbwe alichanganya udongo kwa miguu. Siwema alikagua kila nguzo, akaitikisa. Iliyolegea walichimba upya. Hakuwatukana hata mara moja. Ngwali alisimama karibu akawasifu.

Kibanda kilisimama, kizuri kuliko cha mwanzo. Siwema akamtaka Baba Mlezi apigiwe simu, aambiwe kwamba mawaziri wake wamejenga kwa mikono yao, na aulizwe kama kuna mtu anaruhusiwa kukivunja. Baba Mlezi, aliyependa sana vitu vya namna hiyo, akajibu kwamba atakayekigusa ni adui wa taifa, na pembeni yake na wengine wajenge. Nililia, sioni haya.

Ndipo akaanza kunyoa. Mheshimiwa Tumbwe alishakaa kwenye kiti cha kuazima. Siwema akamshika mkono akamsimamisha taratibu, akamwambia kwamba yeye ndiye kichwa cha kwanza, yeye ni mwenyeji, na mwenyeji huwatanguliza wageni. Wageni waliokuwa kwenye foleni wakaunga mkono kwa sauti moja. Akanyoa kwa makini, bila haraka, usiku kucha, foleni ikapungua. Alipobaki Tumbwe peke yake, kumeshakucha, tarumbeta za gwaride zikalia uwanjani.

Siwema alikunja kitambaa. Alimwambia kwamba kukosa gwaride ni uhaini, na yeye hataki kumponza.

*

Kwenye televisheni tulimwona jukwaani, kofia haikuruhusiwa mbele ya bendera. Vichwa vyote viling'aa mstari mzima, isipokuwa kimoja. Baba Mlezi alikitazama kwa muda. Tumbwe aliondolewa kwenye uwaziri papo hapo kwa kipaza sauti, kati ya wimbo wa watoto wa shule na ngoma. Nyumba ikarudi serikalini, gari likarudi, mkewe akarudi kwao.

Alianza kuzurura mjini na kichwa kile kile. Hakuna kinyozi aliyemgusa, na wembe wa kujinyolea hakuthubutu kuushika, maana sasa alikuwa mtu wa kawaida, na amri za nchi ile huwashika watu wa kawaida. Kila mtu alimjua. Mwanzoni tulimzomea. Halafu, unajua watu wetu, huruma ikaanza kuwaingia. Mama mmoja akampa maji. Mwingine akampa sahani ya maharage. Wakaanza kusema masikini, si alikuwa mkubwa yule, tazama dunia. Nilikasirika mpaka mihogo ikaungua. Ningejua huruma iko karibu vile, ningewaomba siku karai langu lilipopigwa teke.

Mtakuja ilikuwa imeshasimama tena. Tumbwe akaja mpaka kibandani kwa Siwema, akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Dada Siwema," alisema, "nimalizie. Sina cha kukupa."

Nilimkonyeza Siwema kwamba asithubutu. Hakunitazama. Alimkalisha, akamfunga kitambaa, akampaka povu la moto. Akanyoa upande wa kushoto polepole, akaupitia tena wa kulia ulioanza kuota, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa na baba yake. Akamwosha, akampaka mafuta, akamgeuzia kioo. Mtu yule alilia. Alimwombea dua ndefu, yeye na mama yake. Mimi nilikuwa nimeshamnunia Siwema, nikajisemea shoga yangu amelainika, basi tena.

Tumbwe akatoka. Hakufika hata kwa Ngwali. Sajenti Mkwaju alikuwa kwenye doria na gari lake, anakusanya wazururaji, watu wanaokutwa sokoni hawauzi wala hawanunui. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Tumbwe. Akamshika ukosi. Akamwuliza anauza nini. Hauzi. Ananunua nini. Hana fedha.

"Mimi ni Tumbwe," akasema. "Mkwaju, mimi ni bosi wako."

Sajenti alimtazama kipara chote, kulia na kushoto. "Tumbwe nchi nzima inamjua," alisema. "Ana nusu kichwa. Panda gari."

Tumbwe akapiga kelele aitiwe kinyozi, kinyozi ndiye shahidi wake. Sajenti, kwa kuwa anapenda utaratibu, akamburuta mpaka mlangoni, akamwuliza Siwema kama anamjua mtu huyu.

Siwema akamtazama vizuri, kichwa kizima, kazi ya mkono wake mwenyewe.

"Simjui," alisema. "Ninayemjua mimi asingeweza kutembea sokoni kwangu bila watu kumtambua."

Wakampandisha. Siwema akakikung'uta kitambaa mlangoni, akamwita mteja aliyefuata.